Gharika, Neno Alilolikataza Nyanya

Harufu ya mpunga uliolowa ikinifikia hata leo, naiona baraza yetu ya Kasongo na waliokuwapo: nyanya yangu Mwamini, mzaa baba, mama yangu Zena, shangazi Asha, dada wa baba, na mie, kitinda mimba. Baba, Ramazani, hakuwapo, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Moniteri, msimamizi wa kilimo wa serikali, alikuwa anakuja kukagua mashamba ya lazima, basi baba akavuka mto akalale kwenye kibanda cha mpunga wake. Nyuma yake ikashuka mvua isiyokatika, mto ukapanda, ukachukua daraja la miti, bonde zima likawa linang'aa kama sahani.

Jirani yetu Shabani akaja mbio, kuku kichwani. "Gharika! Gharika imekuja!"

Nyanya akasimama. "Shabani, funga kinywa! Sema maji."

"Mama, nikisema maji, itarudi?"

"Kama iko gharika, hiyo kuku unaibebea nani?"

Shangazi Asha akacheka huku machozi yakimtoka. Nyanya akatukalisha, akatufundisha. Mafuriko huchukua mpunga, huchukua mbuzi, hata nyumba. Lakini gharika ni yale maji ya Nabii Nuhu, ambayo nje ya safina hayakubakiza mtu wa kungoja wala wa kungojewa. "Mutoto yangu iko ngambo," akasema, "na maneno huumba." Tangu hapo hakuna aliyelitamka neno lile. Kila jioni mama alipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo, sahani ya baba ikafunikwa, na mie nikayasikiliza yakinguruma bondeni, nikiyaita kwa jina lao dogo: maji, maji tu.

Yalipopungua baba akarudi kwa njia ya juu, mbegu za mpunga kichwani, matope hadi kiunoni. Nyanya hakulia. Alimmiminia maji ya kunawa miguu, akasema, "Umechelewa. Sombe imelala."

Siku hizi mvua ikijaza maji uani tu, wajukuu wangu husema: gharika! Nawaacha wacheke. Wa barazani wamekwenda wote, mmoja mmoja, bila mvua, na neno lile hunijia ulimini, nikalimeza. Nyie mlio Kasongo, Wamaza, Kabambare, nikiwa nimekosea jina la mtu hapa, nisahihisheni. Akitokea hata mmoja wa kuniambia, "Hapana, Mwanaidi, kuku ile ilikuwa jogoo," nitajua yaliyopita yalikuwa maji tu.