Betri za Kumsemesha Seremala

Mtaani kwetu wanamwita Mama Betri, na wageni hudhani ni jina la mzaha. Mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta najua lilikotoka.

Mumewe alikuwa seremala mwenye maneno mengi. Msumari mmoja aliupigilia kwa hadithi tatu. Kisha koo likaota uvimbe, na madaktari wakasema ili apone lazima sauti iende. Alirudi kutoka hospitali akipumulia tundu la shingoni, kimya. Binti yao, aliyeolewa mbali, akamwekea kwenye simu programu inayosoma kwa sauti kila anachoandika. Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, nyororo kama ya mtangazaji wa redio. Siku ya kwanza simu ilitusomea: "Sasa nyumba hii ina wanawake wawili, na mmoja ana ndevu." Tulicheka sana. Mkewe aliingia ndani kufuta macho.

Mwaka uliofuata transfoma ya mtaa ikaungua, tukakaa gizani wiki nyingi. Simu ile ilikuwa kuukuu, chaji haikai. Kinyozi wa barabarani alikuwa na jenereta, lakini kumwachia simu ilikuwa sawa na kumwacha mgonjwa bila ulimi mchana kutwa. Basi seremala alimwandikia mkewe kwenye karatasi, na mambo yakaenda.

Yaliacha kwenda siku alipokuja kaka yake. Huyu kaka mkubwa alipofuka ukubwani, na hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu walipomzika baba yao. Waligombania kiwanja cha mzee, palepale alipozikwa, na seremala akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena pale. Sasa kaka amesikia habari za ugonjwa, ameongozwa na msamaria mmoja mpaka mlangoni. Akaketi, fimbo magotini. Seremala akaandika upesi, simu ikaanza kusema: "Kaka, kuna jambo nataka kukuomba. Siku nita..." Ikazima.

Kipofu akangoja. Mdogo wake akatafuta karatasi, akaandika. Mkewe akanyoosha mkono amsomee shemeji yake, lakini seremala akaifunika karatasi kwa kiganja, akatikisa kichwa. Maneno mengine hayapiti kinywani mwa mtu wa tatu. Wakabaki wameshikana mikono, mmoja haoni, mwingine hasemi, hadi mgeni alipoaga akisema atarudi.

Mkewe hakumwuliza kitu. Alikuwa mfagizi katika ofisi moja ya mjini, na humo stoo kulikuwa na laptopu zilizokufa ambazo kila wiki alizipangusa vumbi. Akamwomba msimamizi betri za laptopu hizo, akaambiwa azibebe, atakuwa amewapunguzia takataka. Akazipeleka kwa fundi redio.

Fundi alipasua gamba la betri taratibu, kwenye maungio ya plastiki, asije akazitoboa seli, vile vibetri vya ndani. Zilikuwa sita, nene kupita kidole gumba. Akamweleza kwamba betri ikisemwa imekufa, mara nyingi ni seli mbili tu zilizokufa, nyingine zingali na uhai. "Ila mama, usimfunge mzima pamoja na mfu," alimwambia. "Mfu humvuta mwenzake, na moto hauko mbali." Akamfundisha kuzipima kwa mita, kuzichaji, kuziacha siku kadhaa, kisha kupima tena na kubakiza zile ambazo chaji yake haikushuka. Inayopata joto wakati wa kuchajiwa haina msamaha. Akamtafutia bodi ndogo ya kuunganishia seli ziwe pawabenki ya kuchajia simu, ile inayozuia chaji kupita kiasi.

Pawabenki ya kwanza ilipata joto, wakaivunja. Ya pili ilitulia. Akawa anaichaji ofisini mchana, jioni anarudi nayo, na seremala akaanza tena kutusumbua na hadithi zake.

Ndipo mkewe akatuma salamu kwa shemeji yake. Alipofika, mwanamke aliwaacha wenyewe, akaja kuketi nami barazani. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na ile sauti ya kike haikujua kunong'ona.

"Kaka, nikifa nizike kwa baba. Niliapa mguu wangu hautakanyaga pale. Basi nibebeni, nisikanyage."

"Mahali nitapachagua mimi," kaka akajibu. "Kwa mikono yangu."

Nilimtazama jirani yangu. Siku zote alijua mumewe atazikwa makaburi ya hapa karibu, awe anapita kumfagilia kaburi akitoka kazini. Kwenda kwenye kiwanja cha baba mkwe ni safari ya kutwa nzima. Alikuwa ameshika birika la chai. Akainuka, akaingia. Seremala alipomwona aliandika tena, na simu ikasoma mbele ya mgeni: "Wewe niliogopa kukwambia."

"Nimesikia," alijibu. Kisha akamimina chai. "Karibu, shemeji, isije ikapoa."

Seremala aliishi mpaka mvua zilipokatika. Tulimsafirisha kama alivyoomba. Kaka yake alikuwa amepiga magoti akipapasa udongo hadi akapata mahali pasipo na mawe, pembeni mwa baba yao. Mjane hakulia pale. Alilia njiani tukirudi, akijilaumu kwamba kama angeiacha ile simu izime, mumewe angekuwa karibu naye. Kisha akasema hapana, angekuwa karibu kwa kunyamazishwa.

Siku hizi watu humletea betri kutoka kila pembe. Zile bapa za laptopu mpya hazitaki, anasema hakufundishwa. Anawaundia pawabenki wenye wagonjwa kwanza, wengine hungoja. Na jioni, kabla hajaandaa chakula, shemeji yake humpigia simu. Hana mengi. Humwuliza kama amekula, naye husema amekula.