Maua ya Mparachichi wa Bibi

Nilipokuwa darasa la pili, niliamini kwamba hakuna kinachoua watu wazima kama kupanda mti wa matunda. Kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Kasense, jambo hilo lilijulikana na kila mtu: ukiupanda kwa mkono wako, siku mti utakapozaa tunda la kwanza, wewe unaondoka. Baba alilima mahindi, maharage na ulezi mpaka mgongo ukamwinama, lakini mche wa matunda hakuugusa. Ukiona mpera mahali, ujue umejiotea wenyewe.

Leo mimi ni afisa lishe. Nazunguka vijiji vya Ufipa na pikipiki ya kazini, nimefunga nyuma mabango ya picha za mboga na matunda, nasema maneno yaleyale: mboga za majani kila siku, matunda kila siku, mti mmoja wa matunda kila kaya. Nimechoka, sioni sababu ya kuficha. Wiki iliyopita mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Mama afisa, wewe kwako umepanda mingapi?" Nikamjibu kwamba nimepanga nyumba mjini. Ni kweli nimepanga. Ni kweli pia kwamba nina kiwanja changu, na hakina hata mti mmoja.

Kisa chenyewe kilianzia shuleni. Alikuja mwanamke mmoja wa serikali, mtu wa kazi hii hii ninayofanya mimi sasa, akagawa miche ya parachichi, ile ya kisasa inayozaa upesi. Kila mtoto mmoja. Mwalimu akatangaza kwamba baada ya wiki mbili atapita nyumba hadi nyumba, na asiyepanda atachapwa. Nikarudi nyumbani na mche wangu kwenye kifuko cha nailoni huku nalia njia nzima, maana nilijiona nina mambo mawili tu: kuchapwa au kufa.

Baba aliutazama ule mche kama mtu aliyeletewa nyoka. Mama akauweka nyuma ya jiko, akasema tutaona. Aliyetutoa hapo ni bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi. Kwetu kuna njia ya kuukwepa mkosi huo, nayo ni kumwachia mzee apande, mtu aliyekwisha kula chumvi yake. Bibi akachukua jembe, akanikataza nisiguse hata udongo, akachimba shimo nyuma ya nyumba na kuupanda peke yake. Alipomaliza akakung'uta mikono, akasema amemaliza, twende tukale. Mwalimu alipopita, alikuta mti umesimama, akaweka alama yake ya vema akaenda zake.

Wote walifurahi isipokuwa mimi. Bibi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyenifunika baridi ya Juni inapouma. Sasa alikuwa amekichukua kifo changu na kukipanda nyuma ya nyumba, nami nilikuwa nakiona kinakua. Kila mvua iliponyesha, ule mti uliongezeka, na mimi roho iliniruka.

Nikiwa darasa la tano ukachanua. Maua ya parachichi ni madogo, ya kijani kilichopauka, mtu asiyejua anaweza kupita asiyaone. Mimi niliyaona siku ya kwanza. Nikangoja bibi aende kisimani, nikaleta kigoda, nikayachuma yote, nikayamwaga chooni. Mwaka uliofuata nikafanya hivyo tena. Sikumwambia mtu, hata mama. Nilijiona mtoto mwenye akili kuliko kijiji kizima: mti usipozaa, bibi hafi. Na kweli, bibi hakufa. Ungenishawishi vipi kwamba nimekosea?

Lakini bibi alikuwa anapungua. Meno yalimwisha, akawa anakula uji, na ugali kidogo alioulowesha kwenye mchuzi wa maharage mpaka ukalainika. Kisha huo nao ukamshinda. Jioni alikuwa akiketi chini ya ule mti na kuutazama juu, anauliza hivi huu ni dume au una nini, mbona ule uliopandwa shuleni umezaa mwaka wa pili huu. Mimi nilikuwa namjibu, sijui bibi. Nilidhani anaulizia siku yake.

Darasa la saba akanikuta. Nilikuwa juu ya kigoda, pindo la khanga limejaa maua, na matawi ya upande mmoja yamebaki matupu. Hakupiga kelele. Akanishika mkono akanishusha, akaketi pale pale, akaniuliza nimeanza lini. Nikamwambia yote, na sababu yake, huku kwikwi zimenibana.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "kufa nitakufa tu, mti uzae usizae. Mimi niliupanda nile. Nimengoja miaka mitatu nile kitu laini, kumbe wewe ndiye unanifungia chakula."

Hilo ndilo neno ambalo sijalisahau. Nilikuwa nimemwona bibi kama mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili yangu, kumbe bibi wa watu alikuwa na hamu ya parachichi. Huenda aliuogopa pia ule mkosi, sijui. Hakusema kwamba watu ni waongo, wala hakusema ni kweli. Alisema ana njaa.

Matawi ya upande wa pili nilikuwa sijayafikia, nayo ndiyo yaliyozaa. Mwaka uliofuata nikaenda sekondari ya bweni. Niliporudi likizo ya Juni, bibi alikuwa kitandani na kifua kimembana, amebaki mifupa, na maparachichi yalikuwa yamekomaa, mengine mama ameyavundika kwenye majani makavu. Uji alikuwa anautema. Lakini parachichi nililompondea kwa kijiko na kulitia chumvi kidogo alilimeza, akafumba macho, akaomba tena. Kwa jumla alikula kumi na moja. Najua idadi kwa sababu mimi ndiye niliyemlisha. Siku chache baada ya la mwisho, asubuhi, akafariki.

Matangani hakukuwa na mazungumzo mengine. Mti umezaa, mzee ameondoka, sasa nani atabisha? Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Siku ya tatu baba mdogo akaukata kwa shoka. Majirani wawili waliokuwa bado na miti yao ya shule wakaing'oa, na hata ule uliokuwa shuleni haukumaliza mwaka. Mimi nilikuwa nimeketi na wanawake, nasikia yote. Ningeweza kusema kwamba parachichi ndicho chakula pekee kilichopita kooni mwake, kwamba kilichomuua ni uzee na kifua. Sikusema. Nilikuwa mtoto, na kusema ukweli, sehemu yangu moja ilikuwa inawaamini.

Sehemu hiyo bado ipo. Nimesoma, nina vyeti, naweza kukueleza kinachofanywa na kila tunda mwilini, lakini nikishika mche mkononi, naurudisha chini upesi kama nina miaka tisa. Ndiyo maana kiwanja changu ni kitupu. Nawaambia watu wapande kitu ambacho mimi mwenyewe naogopa kukipanda, na nadhani wengine wananisoma usoni.

Wenzangu ofisini huwa wanasema watu wa huku ni wagumu, hawaelewi. Nami nikichoka sana huwa naitikia. Kisha nakutana na mama ambaye hampi mtoto wake papai, au mjamzito aliyekatazwa mayai na mama mkwe, na nikitaka kumgombeza, najizuia. Huyo mama si mjinga, wala hana roho mbaya. Anamlinda mtu wake kwa kile alichofundishwa, kama mimi nilivyomlinda wangu. Ule mti haukumuua bibi. Mimi ndiye niliyemshindisha njaa, misimu miwili mizima na nusu ya wa tatu, kwa sababu nilimpenda.