Kikundi Kilichojifunza Kutembea Bila Sisi

Siku waliponichagua kuwa prezidante wa kikundi cha wanawake wa samaki wa moshi, rafiki yangu ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Tulikuwa tumekaa chini kwenye mikeka, huku Mantapala, kambi ya wakimbizi nchini Zambia, nyuma ya kanisa letu la miti na turubai. Walinichagua kwa sababu rahisi: niliweza kuongea Kifaransa na Wakongo wenzangu wa biro, yaani ofisi ya kambi, na Kibemba changu kilitosha kuwasalimu wenyeji bila kuchekwa. Hakuna aliyesema kwamba nina akili ya biashara. Katika maisha yangu ya Pweto, kule Kongo, nilikuwa nashona nguo za shule.

Kesho yake nilikwenda kuchota maji. Wanawake walikuwa wanacheka kwenye pompi, nikasikia kicheko chao tangu mbali. Nilipofika, wakanyamaza. Mmoja akanipisha mbele ya mstari.

"Pita, mama prezidante."

Nikamwambia mimi ni yule yule wa jana. Akatabasamu, lakini hakurudisha hadithi aliyokuwa anaisimulia. Nilijaza dumu langu nikaondoka, na kabla sijafika kwenye kona nikasikia kicheko kimeanza tena.

Aliyebaki vile vile ni rafiki yangu tu. Tulivuka ziwa katika mtumbwi mmoja, yeye akiwa na mimba kubwa, mimi nikiwa na cherehani bila meza yake. Pale Kenani, kambi ya kwanza kutupokea, tulilala chini ya turubai moja, na mtoto wake alipozaliwa, mimi ndiye niliyempokea. Alikuwa mdogo kwangu, akaniita yaya, dada mkubwa. Nyumba zetu za udongo zilitazamana. Chumvi ikiisha kwangu, sikuuliza, niliingia kwake nikachota.

Kikundi chetu kilinunua samaki Nchelenge, mji wa wavuvi kando ya ziwa, kikawabanika katika matanuru ya udongo tuliyojenga kwa mikono, kisha kikawauzia wafanyabiashara waliotoka Mansa. Kwa maneno, inaonekana kazi ya wanawake wengi. Kwa kweli ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Rafiki yangu ndiye aliyejua ni wavuvi gani wanafika asubuhi na samaki wabichi kweli, na ni wapi wanunuzi wa Mansa wanakunywa chai wakisubiri minibasi. Alitania, alibishana, aliondoka akikasirika kisha akaitwa arudi. Sisi wengine tulikuwa mikono, yeye alikuwa mdomo na macho.

Halafu akapata malaria. Wiki ile matanuru yalikaa baridi. Wanawake walikuja kwangu mmoja mmoja kuuliza, "Mama, tunafanya nini?" Nilikuwa nakwenda kumpa uji mgonjwa, nikimfuta jasho, na huku moyoni naogopa kitu kingine kabisa: kwamba tumejenga nyumba juu ya nguzo moja.

Alipopona nilimwambia. Nilichagua saa nzuri, tukiwa tunapepeta maharage mlangoni kwake.

"Mudogo wangu, nataka wanawake babili bakufwate ku Nchelenge kila safari. Bajifunze."

Aliacha kupepeta. "Bajifunze nini?"

"Vile unajua. Bavuvi, banunuzi, vyote."

"Yaya, haunitumainie tena?"

"Nakutumaini. Lakini siku ulilala na malaria, sisi bote tulilala."

Akacheka kicheko ambacho sikukijua. "Bon. Ni we prezidante."

Wale wawili walianza kumfuata. Mmoja alikuwa Mkongo kama sisi; wa pili alikuwa Mzambia, mke wa mvuvi wa ufukwe wa Nchelenge, aliyejua Kiswahili cha soko tu. Walirudi wakiniambia kwamba rafiki yangu anatembea haraka mbele yao, na kwamba akiongea na wanunuzi, anageuza mgongo. Nikayaacha. Nilidhani muda utalainisha.

Muda ulileta miezi ya kufungwa kwa ziwa. Kila mwaka serikali inakataza uvuvi ili samaki wazae, na kila mwaka kikundi chetu kilikuwa kinalala hadi ziwa lifunguliwe. Safari hii nilipendekeza tugeukie mihogo: tununue kwa wakulima wa hapa, tuloweke, tukaushe, tupeleke kwenye chigayo, mashine ya kusaga, tuuze unga. Wanawake wengi walikuwa na mashamba. Kazi ya mihogo walizaliwa nayo. Niliita mkutano.

Rafiki yangu alisimama kabla sijamaliza.

"Unga, kila mutu anauza unga! Mi najua batu benye kuvua mule mu matete. Samaki bako. Miezi hii bei inapanda, njo wakati wa kufanya kazi, haiko wakati wa kulala!"

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Nami nilijua anasema kweli juu ya bei.

"Wakitukamata," nikasema, "hawatasema ni mama fulani. Watasema ni batu ba kambi. Na wake wa wavuvi walio ndani ya kikundi hiki watawaangaliaje majirani zao?"

"Batoto bakule nini, yaya? Bakule sheria?"

Nilimtazama mtoto wake, yule niliyempokea Kenani, aliyelala mgongoni kwake mdomo wazi. Kisha nikaomba wanyooshe mikono. Upande wa mihogo ulishinda kwa mikono michache. Rafiki yangu alikunja mkeka wake na kutoka, na wanawake wachache wakamfuata.

Sijawahi kuona njia fupi iliyokuwa ndefu kama ile ya kutoka mlango wangu hadi wake. Asubuhi nilifagia uwanja wangu, yeye akafagia wake, tukageuziana migongo. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili. Chumvi iliponiishia, nilikula chakula bila chumvi siku mbili, mtu mzima kama mimi, kwa kushindwa kuvuka kiwanja.

Wakati ule shirika moja lilituletea mafunzo ya uongozi. Kijana wa suti aliandika kwenye karatasi kubwa kwamba kiongozi awe na maono na ajue kuwasikiliza watu wake. Nilikubali yote. Nilitaka kumuuliza kiongozi anakula na nani jioni, lakini niliona haya, nikanywa soda yangu.

Unga ulianza vibaya. Mvua iliharibu mihogo ya kwanza kwenye mikeka, ikaota ukungu mweusi. Tukajenga vichanja vya juu na kuweka zamu za kuangalia mawingu. Hapo nilisisitiza jambo moja tu: kila kazi ijulikane na wanawake wawili angalau, hata kazi yangu. Mzambia yule nilimfundisha kuongea na watu wa biro. Mwanzoni aliniuliza, kwa neno la heshima la Kibemba, "Mukwai, unataka kuenda wapi?" Nikamwambia siendi popote.

Ziwa lilipofunguliwa, Mzambia yule aliondoka na mwenzake Mkongo kwa minibasi ya kwanza bila kunipitia. Wanunuzi wa Mansa waliwauliza, "Yule mama mucheshi iko wapi?" na wengine hawakuagiza kitu. Lakini walirudi na samaki, na matanuru yakawaka. Nilisimama kwenye moshi ule nikilia, na kila mtu akadhani ni moshi.

Rafiki yangu hakupata bahati. Walinzi wa uvuvi walikuwa wamemnyang'anya mzigo wote wa samaki karibu na ufukwe, ziwa likiwa bado limefungwa, wale waliomfuata wakatawanyika. Nilipopata habari nilivuka kiwanja. Nilimkuta anamsuka binti wa jirani.

"Rudi," nikamwambia. "Nafasi yako iko."

Hakuinua macho. "Nafasi gani? Sasa bote banajua kazi yangu."

"Njo maana kikundi kiko hai."

"Yaya, we unapenda kikundi kupita batu."

Nilitaka kumwambia kwamba kikundi ni watu, lakini mbele yangu alikuwa mtu, mmoja, na nilikuwa nimempoteza. Nilikaa kidogo, nikamsifu binti kwa nywele zake, nikarudi kwangu.

Mwaka ule ule aliamua kurudi Kongo, upande wa kaka yake. Siku mbili kabla ya kuondoka aliwaita wale wanawake wawili, akawapeleka Nchelenge kwa nauli yake, akawatembeza ufukweni kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Aliwaonyesha wavuvi wa kuaminika na wale wanaoficha samaki wa jana chini ya wa leo. Aliwashika mikono mbele ya wanunuzi wa Mansa akasema, "Hawa ni miye." Walinisimulia wenyewe. Kwangu hakuingia kuaga. Niliona nyumba yake imefungwa kwa kamba.

Muhula wangu ulipokwisha sikuomba mwingine. Walimchagua Mzambia yule, naye ameongeza mambo ambayo mimi nisingethubutu kuyafanya. Sasa kikundi kina chigayo chake chenyewe. Kwenye mkutano mmoja wa karibuni, mwanamke mgeni aliyejiunga juzi aliniangalia, akamnong'oneza jirani yake, "Mama huyu ni nani?"

"Ni mwanachama," jirani akajibu, na macho yake yakarudi kwa aliyekuwa anaongea.

Nilisikia vizuri. Ni jibu nililolifanyia kazi miaka yote ile, na kama ningeulizwa, nisingebadilisha hata neno. Mkutano ulipofungwa, wanawake waliondoka wawili wawili, watatu watatu, wakicheka. Nilikunja mkeka wangu, nikawaacha watangulie.