Mitiki ya Kando ya Reli

Mama yangu mdogo, aliyebaki Tanga na ambaye hati ya shamba iko kwa jina lake, alinipa mie kazi ya kuliuza kwa sababu moja tu: mdomo ninao. Yeye masikio yake hayasikii tena, na mama yangu, ninayekaa naye hapa Ghubra, hapendi kusema na madalali. Basi nikawa muuza msitu wa Bara kwa simu, nimekaa Maskati chini ya kiyoyozi, na tangu kuzaliwa kwangu nimelikanyaga shamba lile mara mbili tu.

Shamba alilinunua babu yake mama, enzi reli ya Tanga ingali mpya. Wakati ule lilikuwa msitu wa mivule, na mivule ile ilikwisha yote. Ilipasuliwa mataruma, zile mbao nzito zinazolazwa chini ya vyuma vya reli, na iliyosalia ikaingia kwenye matanuri ya magari ya moshi. Babu yule alipata alichopata, akafa, watu wakahama, pori likaota upya. Baadaye likapandwa mitiki, mirefu, imenyooka safu kwa safu, na ndiyo iliyomleta mnunuzi.

Dalali aliniuliza nnauza nini hasa. Nikamrekodia ujumbe wa sauti pale pale, natoka kumchukua mama hospitali, foleni imeniudhi, "Shamba na vyote vilivyomo." Hapa nyumba huuzwa hivyo, na milango yake na taa zake, nani atauliza? Kesho yake dalali akaniletea picha. Kaingia shambani na mnunuzi na kopo la rangi nyekundu, wameupiga kila mti namba. Nikafurahi, wallahi. Nikamwonyesha mama.

Mama akavaa miwani, akatazama, akaniuliza, "Na mwenye miti kasemaje?"

"Mwenye miti si sisi?"

"Lahaula!" Akaiweka simu juu ya meza. "Nani kakwambia?"

Ndipo akanieleza, kwa sauti ile ile anayonielezea namna ya kupika wali, kwamba kwao kule ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mtu hupewa ruhusa ya kupanda katika ardhi ya mwenzake, na alichokipanda ni chake, mpaka wanawe wakirithi. Yule bwana anayelitunza shamba letu, yeye ndiye aliyepanda ile mitiki, kwa mikono yake, miaka kumi na mbili sasa. Ruhusa alimpa mama mwenyewe, alipokwenda Tanga kumzuru mdogo wake, kwa maneno, mbele ya watu wawili ambao wote washakufa. Karatasi hakuna.

"Kwa hivyo umemuuzia mtu mali ya watu," akasema mama. "Mpigie leo huyo bwana. Umwambie ilikuwa makosa."

Nikasema inshaallah. Mie nna inshaallah ya kweli na nna nyengine ya kumnyamazisha mtu, na mama anazijua zote mbili.

Sikumpigia. Nisiseme uwongo, si kwamba sikuwa na nafasi. Niliona uzito. Mtu mzima mie, nimemaliza kazi serikalini, watu walikuwa wakisimama nikiingia ofisini, leo nimwombe radhi mlinda shamba? Nikajiambia nitampigia kesho. Halafu wageni wakaja kutoka Ansab, ikabidi kupika. Halafu ikawa Ijumaa. Na nisifiche, kulikuwa na kisauti kikininong'oneza kwamba shamba na miti yake ndilo litakalouzika, shamba tupu nani atalitaka? Mama kila asubuhi ananiuliza, "Umempigia?" na mie kila asubuhi namkatalia kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Siku ya nane nikaona haya mbele yake, nikapiga, mama kakaa kando yangu na kikombe chake cha kahawa. Bwana yule akapokea kwa upole, akaniuliza hali, akauliza afya ya mama, akauliza joto la huko. Nikamkatiza. Nikamwambia nimekosea, miti ni yake, dalali nitamwambia leo leo.

Akasema, "Dada, nishaikata."

"Umekata nini?"

"Yote niliyoipanda. Mnunuzi angekuja na karatasi, mimi nina maneno matupu. Wale wamepiga namba, na wewe nimekungoja unipigie hukunipigia. Nikaona nivune changu kabla hakijawa cha mtu."

Nikamuuliza kama ilikuwa imeshafika kutoa mbao. Akasema bado, bado sana, mtiki unataka miaka. Imekwenda kwa wajenzi, imekuwa nguzo za uzio. Alilisema bila ya lawama, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Miaka kumi na mbili ya mtu, na mie nimeimaliza kwa siku nane za kiburi.

Nikamwambia, "Basi shambani hakuna kitu tena."

"Iko mitatu, ile mikubwa kabisa iliyo karibu na reli. Wakataji waliitaka sana, nikawakataza. Ile kaipanda mama yako alipokuwa kigori, marehemu baba yangu alinionyesha. Ile si yangu, dada, nitaikataje?"

Nikampa mama simu, nikenda kusimama jikoni, nikalia kwa haya, huku namsikia mama akimuuliza habari za wanawe, mmoja mmoja, kwa majina yao.