Maonyesho Niliyoyaandika Jana Yake

Nilikuwa mwandishi wa gazeti moja la Nairobi, mwakilishi wake wa Busia na Malaba na vijiji vyote vya katikati, na niseme mapema kwamba nusu ya habari zangu za miaka ile ya sabini niliziandika kabla hazijatokea. Sikujiona mwongo. Nilijiona mtu wa basi. Basi la Nairobi liliondoka Busia alfajiri, na bahasha yangu ilisafiri chini ya kiti cha kondakta ikafika mezani kwa mhariri jioni. Mkutano wa saa nne asubuhi ulipoanza, basi lilikuwa limeshapita Kisumu. Ningengoja uishe, habari ingefika kesho yake, ingetoka keshokutwa, na gazeti lenyewe lingerudi Busia likiwa la kufungia nyama. Kwa hiyo niliandika jana yake. Waandishi wengi wa mashambani walifanya hivyo, na anayekataa ana kumbukumbu mbovu.

Mambo yalikwenda vizuri miaka mitatu, maana mikutano ya kwetu haikuwa na jambo jipya. Mgeni rasmi alichelewa, akahimiza watu wafanye kazi kwa bidii, akala kuku, akaenda. Kilichoniponza ni mpira. Niliandika kwamba timu ya Nambale imeshinda mabao matatu kwa moja, nikaeleza hata bao la tatu lilivyofungwa kwa kichwa, kumbe siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi na mechi haikuchezwa. Refa aliliandikia gazeti barua ya adabu sana akiuliza ni nani aliyepuliza kipenga badala yake.

Mhariri alinipigia simu mwenyewe. "Kijana, njia ya mwongo ni fupi," aliniambia. "Ukinitumia tena kitu hakijatokea, utarudisha hiyo kadi."

Kadi ya uandishi ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Ilikuwa na picha yangu nikiwa na tai ya kuazima. Kwa kadi hiyo nilikaa viti vya mbele, nilivuka kizuizi cha mpakani bila kupanga foleni, na mama mkwe alinikubali baada ya kuishika mkononi na kuisoma pande zote mbili. Bila kadi nilikuwa mtu mwenye daftari tu. Niliapa sitarudia.

Ndipo akaja muuzaji wa mashine.

Alitoka Nairobi kwa pikapu, suti rangi ya maziwa, suruali pana miguuni hadi inafagia vumbi. Alileta mashine ya kunakili karatasi, aina ambayo Malaba ilikuwa haijaiona, na alitaka kuwaonyesha mawakala wa forodha. Hakuwa mjinga. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike, makaratasi ya mpakani yalikuwa yamezaana. Kila lori lilihitaji fomu ile ile mara sita, na wapiga taipu wa Malaba walipachika kaboni katikati ya karatasi na kugonga kwa nguvu ili hata nakala ya sita isomeke. Aliona mtu mwenye mashine hapo amepata shamba.

Na waandishi aliwajua. Siku moja kabla ya maonyesho alinitafuta Busia, akanipeleka kwenye hoteli ya Waislamu karibu na stendi, akaniagizia samaki mzima. Kabla sijafika kwenye mgongo wa samaki, alikuwa ameshanipa kofia, kalenda, kalamu na faili. Ndani ya faili mlikuwa na hotuba ya mgeni rasmi, ambayo mgeni mwenyewe alikuwa hajaiona, na mahali pa makofi pamewekewa alama.

"Bwana mwandishi, kazi yako nimeirahisisha," alisema. "Kila kitu iko hapo. Wewe unaweka tu jina ya mgeni."

"Lakini maonyesho ni kesho."

"Kesho itakuwa vile imeandikwa. Nimefanya hii shoo Nakuru, nikafanya Eldoret. Haijawahi badilika hata kidogo."

Samaki alikuwa mkubwa. Nilijiambia kwamba ya Nambale ilikuwa mvua, na mashine hufanya kazi ndani ya nyumba. Jioni ile niliandika kwamba Mkuu wa Tarafa amezindua mashine, mawakala wamestaajabu, maafisa wa forodha wamefurahi. Halafu, ili habari iwe na roho, nikaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye faili. Niliandika kwamba mpiga taipu mkongwe kuliko wote Malaba alitokwa na machozi ya furaha akasema, "Kaboni imekufa, sasa mikono yangu itapumzika." Niliipenda sana sentensi hiyo. Alfajiri nikampa kondakta bahasha, nikapanda pikapu ya muuzaji kwenda Malaba na kofia yake kichwani.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Tulipofika ukumbini, jenereta ikinguruma nje, tuliambiwa Mkuu wa Tarafa hatakuja. Mahali pake alikaa afisa mkuu wa forodha, mtu mnene, mtaratibu, aliyetazama kila kitu kana kwamba ndani yake kumefichwa kitu kingine. Muuzaji alimpa ile hotuba. Aliisoma kimya mpaka mwisho, akaikunja.

"Mimi sina maneno," alisema. "Onyesha mashine."

Nilipiga makofi, maana niliandika kuna makofi. Nilipiga peke yangu.

Nikaona heri niokoe lile la mpiga taipu. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mama wa makamo, mkoba mapajani, vidole vyeusi kwa kaboni. Nilichuchumaa kando yake.

"Mama, leo mashine imekuja kumaliza kaboni. Unasikiaje?"

"Nasikia vibaya. Hiyo kaboni imesomesha watoto wangu."

"Lakini mikono itapumzika."

"Ipumzike ifanye nini?"

"Mama, wewe sema tu kaboni imekufa. Maneno mawili. Hata polepole."

Alinitazama kofia, akanitazama viatu. "Wewe umetumwa na nani?" akauliza, na watu wa nyuma wakacheka. Nilirudi kitini kwangu nikajifanya naandika.

Muuzaji alisimama mbele, akakunja mikono ya suti, akaomba karatasi. "Yoyote," alisema. "Leteni yenye mmezoea." Yule mama, ambaye hakutaka mgeni aone uchafu wa kazi yake, alifungua mkoba akatoa karatasi safi kuliko zote alizokuwa nazo. Ilikuwa fomu ya kuruhusu lori moja la chumvi livuke, imegongwa muhuri na kutiwa sahihi asubuhi ile ile. Kwa kawaida muhuri wa forodha ulikuwa wa zambarau. Lakini wino wa zambarau ulikuwa umekwisha tangu wiki iliyopita, na kwa kungoja mwingine walikuwa wakigonga kwa wino mweusi. Hilo kila mtu Malaba alilijua, isipokuwa muuzaji.

Mashine ikavuma, mwanga ukapita chini ya kioo, karatasi zikaanza kutoka moja moja zikiwa moto, muhuri mweusi kama ule ule. Alitoa kumi na mbili. Alizichanganya na fomu yenyewe kwa mbwembwe, akazigawa ukumbini watu wajionee. Nilipata yangu, na kwa sababu ya joto nikajipepea nayo.

Nilitegemea mshangao. Haukuja. Mawakala wote walikuwa wameinua karatasi zao dhidi ya dirisha, wakiutazama ule muhuri, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja aliuliza kwa sauti ya upole sana, "Hii mashine inabebwa na watu wangapi?"

Afisa wa forodha alikuwa na karatasi mbili, moja kila mkono. "Muhuri ni yangu," alisema. "Sahihi ni yangu. Lakini mimi nilisaini mara moja."

"Ona vile imetoka safi, bosi," muuzaji akasema, uso unang'aa.

"Lori iko moja. Hapa naona lori kumi na tatu."

"Hata mimi mwenyewe siwezi jua gani ni orijino!"

Alisema hivyo kwa fahari. Katika kazi yangu yote sijasikia mtu akijimaliza kwa furaha namna ile. Afisa aliinuka taratibu, akasema mlango ufungwe, na karatasi zote zirudi mezani. Zilirudi kumi na mbili. Mifuko ikapekuliwa, soksi zikashushwa, wakala mmoja akavuliwa kofia, na ile ya kumi na tatu ikapatikana mkononi mwangu, bado najipepea. Nilionyesha kadi yangu ya uandishi. Afisa alisema kadi haina uhusiano na chumvi.

Ikabaki kazi nyingine. Dereva wa lori alikuwa mlangoni anadai karatasi yake, mawingu yamekusanyika juu ya chumvi, na mezani kuna fomu kumi na tatu zinazofanana. Afisa aliinusa moja. Muuzaji alipendekeza wachague tu. Ndipo yule mama akaja mbele, akazigeuza zote kifudifudi, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa kila moja. Kwenye ya tisa akasimama.

"Ni hii. Nukta zangu hutoboa."

Afisa aligusa, akatikisa kichwa kukubali, na chumvi ikavuka kabla ya mvua. Mashine haikuvuka popote. Maafisa wanne waliibeba kwenda stoo kama kielelezo, waya wake ukiburuta nyuma, na muuzaji akaambiwa angoje stakabadhi. Stakabadhi yenyewe ilitakiwa mara sita. Aliyeiandika ni yule mama, kwa kaboni, na kufika katikati alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Kwa hiyo machozi niliyapata. Kila kitu kingine nilichoandika kilikuwa bado kiko kwenye basi.

Nikakimbilia posta ya Malaba. Sikuwa na njia nzuri. Nikinyamaza, gazeti lingesema maafisa wamefurahi, wao wangekanusha, na kadi ingekwenda. Nikisema, nilikuwa nimekiri kwamba nimerudia yale ya Nambale, na kadi ingekwenda vilevile. Nililoona bora ni kukamatwa na mhariri kabla ya kukamatwa na nchi nzima. Niliomba simu ya Nairobi. Opereta akasema ningoje.

Muuzaji alikuwa ameketi kwenye benchi la posta na zile karatasi sita mapajani. Yeye pia alingoja simu, ya bosi wake.

"Bahasha ilienda?" akaniuliza.

"Ilienda."

"Basi wacha iende. Kesho bosi anasoma shoo ilikuwa poa, ananipa siku mbili tatu, mimi nakuja hapa na barua natoa mashine. Bwana mwandishi, tafadhali. Hii ndiyo mashine yangu ya kwanza kupewa peke yangu."

Nilimwambia siwezi. Nilisema ni kwa sababu ya ukweli. Ilikuwa kwa sababu ya kadi, na nadhani alijua. Simu yangu ikaitwa kwanza.

Nilimweleza mhariri yote haraka haraka: kwamba kuna bahasha njiani, aitupe, kwamba maonyesho yalikuwa na muhuri na wino mweusi na malori kumi na matatu yaliyokuwa moja, na mama wa kaboni, na mashine imeshikwa na forodha. 

"Hii unaniambia sasa," alisema, "imetokea ama itatokea?"

"Imetokea, mzee."

"Na kipenga amepuliza nani?"

"Mzee, nakuapia."

"Kuna mtu hapo aliyeona? Mpe simu."

Posta nzima kulikuwa na karani, mwanamke aliyekuja kununua stempu, na muuzaji. Nilimnyooshea simu.  Alikuwa na sababu zote za kusema maonyesho yalikwenda salama na huyu mwandishi anaumwa kichwa. Angekuwa na zile siku zake mbili tatu, na mimi ningekuwa mtu mwenye daftari. Alisimama, akanyoosha tai.

"Ndio, mzee," alisema. "Ni kweli. Imeshikwa. Ni mimi nilikosea, nilinakili karatasi ya forodha. Hapana, huyu hajadanganya." Akafikiri kidogo. "Lakini mzee, andika pia kopi zilitoka safi."

Mhariri alicheka, akanitaka nimtajie habari nzima kwenye simu neno kwa neno, na ikatoka kesho yake na ule mstari wa kopi ndani. Kadi ilibaki mfukoni mwangu miaka mingi. Muuzaji alirudi Nairobi na pikapu tupu, na kabla ya mwezi kwisha nilisikia wamemwachisha kazi.

Watu hucheka ninapowahadithia hii, nami hucheka nao mpaka hapo pa posta. Alikuwa na simu mkononi na neno moja tu la kusema, na sikuwa nimemfanyia jambo lolote jema isipokuwa kula samaki wake. Ningekuwa mimi nimeshika ile simu, ningesema uongo, na nimezeeka nikilijua hilo.