Mzaha wa Mnyororo Uliofika Zahanati

Saa mbili asubuhi. Upande mmoja wa meza cherehani ya mama inaunguruma. Upande wa pili binti yake anagonga kompyuta. Vipande vya uzi vinaangukia kwenye kibodi, naye anavipuliza bila kuinua macho.

Ni mtengenezaji wa programu. Wenzake wanamwita Mnyororo.

Jina hilo lilianzia kazini. Bosi wake wa zamani alisikia habari za blokcheni, teknolojia inayofunga kumbukumbu pingili kwa pingili kama mnyororo, kwenye kompyuta nyingi, ili mtu asizichezee, akaitaka kila mahali.

“Hata kwenye programu ya kuagiza chai!” anasema akicheka. “Nikachoka. Nikaamua nimpe anachotaka.”

Akaandika programu ndogo ya kutunza kumbukumbu, ambayo yeyote angeichukua bure mtandaoni na kuitumia. Blokcheni hiyo iliishi ndani ya kompyuta moja tu, na haikulinda chochote. Kwenye maelezo aliandika: “Ni salama kabisa, mradi mwizi awe mstaarabu.”

Wenzake walivunjika mbavu. Kisha ukaja ujumbe wa muuguzi wa zahanati ya mbali, mzee aliyejifunza kompyuta ukubwani. Alikuwa anashukuru. Rekodi za chanjo za watoto wote alikuwa ameziingiza humo. Chumba cha kadi za karatasi kilikuwa kinavuja, na Ijumaa kadi zingechomwa, maana sasa mnyororo upo.

“Nikamsomea mama ujumbe huo,” anasema, “nikidhani atacheka.”

Mama alisimamisha cherehani. “Mwanangu, utani ni kwa mtani. Huyo si mtani wako. Mpigie.”

Akapiga.

“Shikamoo, baba. Ile programu ni mzaha. Kompyuta ikifa, inakufa na kila kitu. Tafadhali usichome kadi.”



“Marahaba,” muuguzi alijibu. “Kwa hiyo, mwanangu, nimetaniwa mimi?”

“Hapana, baba. Nisamehe.”

“Wazazi nimeshawaahidi kwamba safari hii hakuna kitakachopotea. Niwaambie nini?”

“Ahadi yako ibaki palepale. Nipe muda tu.”

Kadi zilihamia chini ya kitanda cha muuguzi. Kila Jumamosi alizisoma kwa simu, Mnyororo akiziingiza kwenye programu mpya, ya kweli, yenye nakala sehemu tatu. Hakudai hata senti.

Masika yaliyofuata, paa liliporomoka juu ya kompyuta ya zahanati. Muuguzi aliazima nyingine, akafungua programu huku Mnyororo akisubiri kwenye simu.

“Wapo,” alisema. “Watoto wangu wote wapo.”

Ule mzaha bado uko mtandaoni, ila sasa unaanza na onyo na namba ya simu ya Mnyororo mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka muuguzi anastaafu. Mnyororo anapanga kwenda huko kwa mara ya kwanza, akamfundishe atakayerithi kazi. Mama naye ameshakata kitambaa cha mapazia ya chumba cha chanjo.

“Sijawahi kumuona hata uso,” anasema Mnyororo. “Natamani nimkute bado amevaa sare.”