Sufuria Iliyovuka Mpaka

Mke wangu alianza kufunga kitambaa shingoni kwa sababu yangu. Rovu lake lilikuwa bado uvimbe mdogo, kama yai, na mimi niliona haya watu wakilitazama alipoimba katika kwaya ya parokia. Nilimwambia alifunike. Nilipaswa kumwambia twende kwa daktari. Nilikuwa nimesoma sekondari, nilijua tofauti ya mambo hayo mawili, na bado nilichagua kitambaa.

Rovu likakua hadi likaanza kumkaba. Alilala ameketi. Kwaya aliiacha, maana pumzi haikumfikisha tena mwisho wa wimbo. Wakati huo vita vilikuwa vimewamwaga watu wa Masisi kando ya barabara ya Sake, mahema yamefika hadi Lac Vert, pembeni mwa mji wetu wa Goma, na hospitali za mji zilijaa majeruhi wa risasi. Zile za watu binafsi zilitaja bei ambayo hata nyumba yetu ya mtaa wa Katoyi isingeilipa. Tukaambiwa Uganda wanapasua vizuri na kwa bei nafuu. Tuliuza kiwanja kidogo tukaondoka.

Nilibeba mbabula, jiko letu la makaa, pamoja na sufuria kubwa ya mke wangu. Kwetu mgonjwa hupikiwa na watu wake palepale uani pa hospitali. Asiyeletewa chakula huonekana ametupwa, na sikutaka mke wangu aonekane hivyo ugenini.

Huko Uganda, hospitali ya kwanza niliipenda mara moja. Vigae viling'aa, televisheni ilikuwa ukutani, na ua ulikuwa mpana wa kupikia. Mtu wa mapokezi alituita papa na mama, akasema nikilipa sasa hivi, mama atapasuliwa jioni hiyohiyo. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni mke wangu aliponivuta shati hadi nje.

"Bale habakunigusa hata shingo," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Goma. "Baliangalia tu mufuko yako."

Ya pili ilikuwa jengo la zamani lililobanduka rangi. Lakini daktari alimpapasa shingo pande zote, akatuma apimwe damu na apigwe picha, kisha akamwomba aimbe kidogo, naye akasikiliza ameinamisha kichwa. Alitueleza bila kuficha kwamba anaweza kuamka hana sauti. Muuguzi aliyetutafsiria alikuwa amejifunza Kiswahili kwa wakimbizi wetu. Mimi niliona wanatutisha tu. Nilikasirika zaidi muuguzi huyo alipokataza mbabula yangu na kusema kwamba tangu jioni mgonjwa asile kitu.

Alfajiri ya upasuaji niliwasha mbabula nyuma ya ukuta, nikapika uji wa mtama, nikamletea kikombe chini ya koti.

"Balikataza," alisema.

"Bale habakujue. Miye nakujua. Kunywa."

Akanywa ili aniridhishe.

Walipokuja kumchukua, muuguzi aliuliza kama amekula chochote. Mke wangu alinitazama, hakutaka kunisema. Simu kutoka nyumbani ilikuwa imetuambia mapigano yanausogelea mji. Siku ikipotea, mpaka ungeweza kufungwa, na wajukuu wetu walikuwa upande wa pili. Tena niliogopa tutafukuzwa. Nilikiona kile kitambaa, amekikunja mkononi.

"Nimemupa uji," nilisema. "Ni miye."

Muuguzi hakufoka. Alieleza kwamba mtu akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, chakula hupanda kikaingia mapafuni, na anaweza kufa palepale mezani. Daktari alikuja akiwa ameshavaa nguo za upasuaji, akaahirisha mpaka kesho yake, na hakuongeza bei. Alinitumia maneno kwa muuguzi: "Mzee, umetuokolea mgonjwa. Sasa lete sufuria, italala ofisini kwangu."

Wodi nzima ilicheka. Niliikabidhi sufuria.

Siku hizi majirani wakiniuliza jinsi ya kuchagua hospitali, siwaambii habari za vigae. Nawaambia waangalie kama mgonjwa anashikwa kabla pesa hazijashikwa, kama wanataja na ubaya unaoweza kutokea, na kama wanaweza kukwambia hapana. Ile ya kwanza ingempasua mke wangu na uji wangu tumboni, tena ikitabasamu.

Kesho yake alipasuliwa. Nilikaa kwenye benchi la nje bila jiko, bila sufuria, bila kazi yoyote ya mikono, na nadhani sijawahi kusali vile. Waliponiruhusu kuingia, alikuwa amefungwa bendeji shingoni, macho yakifumbuka polepole. Daktari alimwomba aseme neno, lolote. Midomo ikacheza bila kitu. Kisha ikatoka sauti ya kukwaruza, lakini yake.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Daktari alikwenda kuileta mwenyewe.

Jeraha lilipopona tulirudi Goma kupitia Rwanda, kwa Petite Barrière, mpaka ambao watu huuvuka kwa miguu. Ulikuwa bado wazi. Umati ulikuwa mkubwa, watu na magodoro yao vichwani, na katika kusukumana tukapotezana. Nilikuwa naanza kuhangaika niliposikia sauti kutoka nyuma, nene, ile ya kwaya, ikipita juu ya vichwa vyote:

"Muzee! Chunga sufuria!"

Watu waligeuka kumtazama. Shingo yake ilikuwa wazi, kovu linaonekana, na kitambaa alikuwa amekifunga kwenye kishikio cha sufuria niliyoibeba.